Mtumbwi Mabegani

Kwenye mpaka wa Minnesota na Ontario, pale ziwa moja linapoishia na jingine halijaanza, kuna kinjia kinachopita katikati ya miamba na misonobari. Anakuja msichana wa miaka 14. Kichwa chake hakionekani, kimo ndani ya mtumbwi uliopinduliwa, na nira ya mbao iliyofungwa katikati ya mtumbwi imemkalia mabegani. Mikono imeshika kingo za mbele ili omo isishuke ikagonga chini. Anachokiona ni hatua tatu nne za ardhi mbele ya viatu vyake: mzizi, jiwe lenye utelezi, tope. Mbu wameingia naye humo ndani na hana mkono wa kuwafukuzia. Nyuma yake anakuja mwenzake, shanta moja mgongoni na nyingine kifuani. Hatua kumi nyuma ya wote yuko kiongozi wao, kijana wa chuo kikuu, naye amejitwika mzigo wake na hasemi kitu.

Angeweza kusema. Angeweza kumwambia ainue omo, akanyage kushoto, apumzike. Angeweza hata kuuchukua mtumbwi na kuufikisha kwa nusu ya muda. Anachofanya ni kukaa karibu kiasi cha kuwahi kudaka mguu ukiteleza vibaya, na mbali kiasi cha kumwachia msichana kazi yake. Nimeufikiria sana umbali huo wa hatua kumi. Naona umebeba jambo ambalo wazazi wengi tunaolea vijana mijini limetuponyoka, na ambalo kambi za likizo za huku kaskazini, pamoja na kasoro zake, bado zinalo.

Eneo lenyewe linaitwa Boundary Waters. Ni zaidi ya hekta 400,000 za msitu na maji ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, na lina maziwa zaidi ya 1,000. Miamba yake ni miongoni mwa ile mikongwe kabisa duniani. Barafu nene ya zama za kale iliikwangua, na ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha maji katika kila bonde na kila shimo. Maziwa yamekaribiana kiasi kwamba mtu mwenye mtumbwi mwepesi anaweza kusafiri wiki nzima kwa kupiga kafi, kushuka, kubeba na kupakia tena. Njia za kubebea, zinazoitwa poteji, hupimwa kwa kipimo cha zamani cha wapima ardhi, rodi, ambayo ni mita 5 hivi, karibu urefu wa mtumbwi mmoja. Kwenye ramani imeandikwa namba tu, 12, 80, 180, na baada ya siku mbili hakuna kijana anayehitaji kuelezwa namba hizo maana yake nini kwenye shingo.

Sheria ya Nyika ya 1964, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson, ndiyo iliyolitambua eneo hili kisheria kuwa nyika ya kuhifadhiwa, na sheria nyingine ya 1978 ikaziondoa boti za injini katika sehemu kubwa ya maziwa hayo. Leo msafara hauruhusiwi kuzidi watu 9 na mitumbwi 4. Makopo na chupa za vioo ni marufuku. Watu hulala kwenye vituo vilivyotengwa, kila kimoja na wavu wake wa chuma wa kupikia na choo cha shimo kilicho wazi msituni, bila kuta wala paa. Taa hakuna. Usiku wake umehifadhiwa kiasi kwamba mwaka 2020 eneo zima lilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya giza la anga, na mtoto wa Minneapolis ambaye hajawahi kuona nyota zaidi ya kumi kwa pamoja hulala chali juu ya jiwe asitake kuingia hemani.

Njia za poteji hazikuchongwa na kambi yoyote. Waojibwe walizipita karne nyingi kabla, na chombo kilichoziwezesha ni chao: mtumbwi wa gome la mti wa betula, wenye mbavu za mwerezi, ulioshonwa kwa mizizi ya msprusi na kuzibwa kwa utomvu. Mtu aliweza kuubeba, na ukitoboka aliweza kuutengeneza kwa vitu vilivyoota hapo hapo ufukweni. Wafanyabiashara wa manyoya waliotoka Montreal hawakuleta chombo bora kuliko huo, waliuchukua huohuo. Wapagazi wao walivuka Grand Portage, karibu kilomita 14 za nchi kavu, kila mtu akiwa na marobota mawili ya ratili 90, yaani kilo 80 na ushee kwa mkupuo mmoja. Mtu aliyesoma habari za Wanyamwezi wa njia ya Tabora na Bagamoyo ataijua picha hiyo bila kuonyeshwa.

Mwaka 1854, kwa mkataba wa La Pointe, Waojibwe waliiachia Marekani ardhi hii, wakabaki na haki ya kuwinda na kuvua ambayo wanayo mpaka leo. Kwenye ziwa la North Hegman kuna mwamba uliosimama wima juu ya maji, na juu yake picha za rangi nyekundu: mtu aliyenyoosha mikono, musi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, na mitumbwi yenye watu ndani. Misafara ya vijana husimama chini yake. Sheria ya 1964 inaieleza nyika kuwa mahali ambapo binadamu ni mgeni anayepita tu. Kiongozi anayewafikisha vijana kwenye mwamba ule bila kuwaambia kwamba hapa watu walikuwa kwao, walizaa, walivuna mpunga wa porini ziwani na wakazikwa, amewanyima nusu ya safari. Namshukuru yule aliyemwongoza binti yangu, kwa sababu alisema.

Nina binti, ndiyo. Na mimi ni mtu wa Ukerewe. Tulikulia kisiwani, maji pande zote, na hatukufundishwa kuyachezea. Mtu aliingia mtumbwini kwenda kuvua, kuzika au kupeleka mgonjwa Nansio. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, na hakuna mtaa kwetu ambao haukuwa na matanga. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara, mwendo mfupi kutoka tulikozaliwa, wakafa zaidi ya watu 200, na simu zikalia hapa Minneapolis usiku kucha. Kwa hiyo binti aliporudi kutoka shuleni na fomu ya kambi yenye picha ya watoto wanaocheka mtumbwini, sikuona kicheko, niliona maji.

Nikasoma. Mzazi mwenye hofu husoma kuliko mwanafunzi. Nikakutana na habari za ziwa Timiskaming, kwenye mpaka wa Ontario na Quebec. Tarehe 11 Juni 1978 shule moja ya wavulana iliwaingiza ziwani wanafunzi 27 na viongozi 4 katika mitumbwi minne mikubwa. Msimu ulikuwa mchanga na maji yalikuwa na baridi kali. Upepo uliinuka mchana, mtumbwi mmoja ukapinduka, na mingine ikapinduka katika jitihada za kuokoa. Wavulana 12 na kiongozi mmoja hawakutoka hai. Baridi ya maji ndiyo iliyowamaliza. Shule ile iliamini kwamba shida yenyewe humjenga mtoto, na kwamba kadiri inavyozidi ndivyo anavyozidi kuwa mwanamume.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi kwa sababu inatenganisha mambo mawili yanayofanana sana kwa mtazamaji wa mbali. Kiongozi wa Timiskaming na kiongozi wa kinjia kile cha mwanzo wote wamewaachia vijana jambo gumu. Lakini shida peke yake haijawahi kumlea mtu. Ingelikuwa inalea, dunia ingejaa watu wema. Hatua kumi za kunyamaza zinahitaji mtu anayejua anachokinyamazia. Kambi nzuri leo huanza na alasiri nzima ya kupindua mitumbwi makusudi karibu na ufuko, majaketi ya kuokolea yakiwa yamefungwa vifuani, mpaka kila kijana ajue namna ya kuupandisha mtumbwi uliojaa maji juu ya mtumbwi mwenzake, kuumwaga, kuurudisha na kumvuta mtu ndani. Kiongozi amesomea huduma ya kwanza ya porini na ana simu ya setilaiti ndani ya mfuko usioingia maji. Upepo ukichafuka, msafara unakaa ufukweni, hata siku mbili. Na mtoto hapelekwi mbali kwa mara ya kwanza. Kambi kongwe kama Menogyn, iliyoanza 1922, na Widjiwagan ya 1929, humwongeza kijana mwaka hadi mwaka: siku chache akiwa mdogo, kisha wiki mbili, kisha mwezi, mpaka wale wakubwa wa miaka 17 au 18 wanapokwenda zaidi ya siku 40 kwenye mito ya Aktiki ya Kanada. Hapo shida inatolewa kwa kipimo, na anayeipima aliwahi kuibeba mwenyewe.

Nilipokwisha kuridhika na usalama, swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi, nalo sikulitunga mimi. Alilitoa jirani yetu, mama wa Kivu aliyeishi miaka mingi Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kasulu iliyofunguliwa 1996. Nilimwonyesha ile fomu nikidhani kijana wake angependa kwenda pia. Aliisoma picha kwa picha, akaiweka mezani.

"Dada," akasema, "batoto bangu balizaliwa mu hema. Sasa nilipe franga juu ya kubarudisha mu hema?"

Sikuwa na jibu siku ile. Kuni tumebeba, maji tumebeba, watoto wa wenzetu tumebeba mgongoni. Tulivuka bahari ili watoto wetu wafungue bomba. Kuna jambo la kuudhi katika kuona shida iliyotukimbiza nyumbani ikiuzwa kwa dola, pamoja na fulana yenye nembo. Watu wenye mashaka na kambi hizi wana haki ya mashaka yao, na ningekuwa na wasiwasi na mhamiaji ambaye swali hilo halimpiti moyoni.

Lakini kadiri nilivyozidi kulifikiria, ndivyo hema zile mbili zilivyozidi kutengana, na zilitengana mahali ambapo sikutarajia. Nilidhani tofauti ni kwamba moja ni mchezo na nyingine ni maisha, moja ina tarehe ya kurudi na nyingine haina. Hiyo ni kweli. Ila ipo tofauti ya ndani zaidi. Nyarugusu, mama yule aliniambia siku nyingine, lililomuumiza kuliko njaa ni kuona wavulana wakubwa wamekaa. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, kazi ni ya kubahatisha, unga unakuja kwa lori kwa siku iliyopangwa na mtu wa mbali. Kijana wa miaka 16 hata akiamka alfajiri, mgao wa nyumba yao hauongezeki hata kikombe. Nguvu anazo, na hakuna anayezihitaji.

Kwenye mtumbwi wa Boundary Waters mambo ni kinyume kabisa. Chakula cha watu wote kimo kwenye shanta moja, na shanta hiyo imo mgongoni mwa mtoto wa mtu. Akiisahau mwisho wa poteji, hakuna duka. Ramani na dira wamekabidhiwa wawili kwa siku, nao wakikosea ghuba, wote tisa wamekosea. Anayekaa omo ndiye anayevuta na kuchungulia miamba iliyo chini ya maji, anayekaa tezi ndiye anayeuelekeza mtumbwi; wakinuniana, unazunguka palepale. Mjini, kijana wa umri huo hula, hulala, hukasirika na hukua katika nyumba ambamo kila kitu kingeendelea vilevile bila yeye. Hapa, kwa mara ya kwanza, pengo lake lingeonekana kabla ya jua kuzama.

Na sasa naweza kusema jambo la uchungu kuhusu nyumba zetu za ghorofani. Katika suala hili zinafanana zaidi na hema ya Nyarugusu kuliko na ile ya ziwani. Bomba linatoa maji, jiko linawaka kwa kidole, basi la shule linapita mlangoni. Tumewapa watoto wetu kila kitu isipokuwa sababu ya sisi kuwategemea. Kisha tunashangaa kwa nini wamejifungia na simu, mahali ambapo angalau kuna mtu anayesubiri jibu lao.

Mwaka mmoja nilijitolea kama mzazi msaidizi katika msafara mfupi wa kambi moja, msafara wa watoto waliokuwa wakienda kwa mara ya kwanza. Jioni moja zamu ya kupika ilikuwa ya mvulana mwembamba aliyekuwa hajasema maneno kumi tangu asubuhi. Alipika dengu na wali katika sufuria moja kubwa. Mvua ilikuwa imenyesha, kuni zilikuwa na unyevu, na alikaa kando ya wavu ule wa chuma zaidi ya saa moja akipuliza, macho mekundu. Vilipoiva alivua shati lake la juu, akalikunja, akashika sufuria kwa nguo hiyo na kuinuka. Mkunjo mmoja ukateleza. Sufuria ikalala ubavu, na nusu ya chakula cha watu tisa ikamwagika juu ya majani makavu ya misonobari, ikitoa mvuke.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mfuko wa akiba. Kiongozi, msichana wa miaka 22, alinitazama tu, nikauacha mfuko. Yeye mwenyewe alichukua kijiko chake akaketi mahali pake kwenye gogo. Vijana walimtazama mvulana, mvulana alitazama sufuria. Kikapita kimya ambacho kwangu mimi mama kilikuwa kirefu mno. Kisha msichana mmoja akachutama, akaanza kukomba kwa uangalifu ile tabaka ya juu ambayo haikugusa ardhi, na mwingine akaleta kifuniko. Wakagawana kilichobaki sawasawa, vijiko vikihesabiwa kwa sauti, wakaongezea mkate mkavu na siagi ya karanga. Mpishi walimwekea kama wengine, hakupungukiwa. Hakuna aliyesema si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu. Walikuwa na njaa.

Kabla ya kulala ilibidi kutundika mfuko wa chakula, maana dubu weusi wapo, na amri ya msitu inataka mfuko uning'inie karibu mita 4 juu ya ardhi na mita 2 kutoka kwenye shina. Kutupa kamba juu ya tawi la juu namna hiyo ni kazi ya uvumilivu. Yule mvulana alishika kamba. Alitupa, ikaanguka, akatupa, ikanasa kwenye kitawi kidogo, akaivuta, akafunga jiwe kubwa zaidi, akatupa tena. Wenzake walimmulikia kwa tochi za kichwani, mbu wakiwala, wala hawakuondoka mpaka mfuko ulipopanda. Ndege wa ziwani aitwaye luni alikuwa ameanza kulia, sauti ndefu inayopanda na kushuka, na mtoto mmoja aliyeisikia kwa mara ya kwanza alishika mkono wa jirani yake bila kujua.

Asubuhi nilitoka hemani nikidhani ni mimi wa kwanza. Moto ulikuwa unawaka, umewashwa kwa vipande vya gome la betula lililookotwa chini, na uji wa oti ulikuwa unatokota. Mvulana alikuwa ameshikilia sufuria kwa vitambaa viwili. Zamu haikuwa yake. Tangu hapo mpaka tuliporudi alikuwa akizungumza, wakati mwingine kupita kiasi.

Nimesimulia habari hiyo kwa urefu kwa sababu naamini kama ningetoa chakula cha akiba ningekuwa nimemwibia kitu. Angekula akashiba, na angebaki mtoto aliyemwaga sufuria mbele ya watu wazima waliokuwa na sufuria nyingine. Njaa ile ndogo ya usiku mmoja, iliyochungwa na mtu aliyejua kwamba mfuko wa akiba upo na hakuna atakayedhurika, iliacha nafasi ya yeye kuamka alfajiri.

Wazo hili la kumkabidhi kijana jambo la kweli lina wazee wake. Anayetajwa sana ni Kurt Hahn, mwalimu Myahudi wa Ujerumani aliyefungwa 1933 kwa kumpinga Hitler, akahamia Uingereza, na mwaka 1941, pamoja na mwenye meli Lawrence Holt, akaanzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, kuwaandaa mabaharia vijana. Mbegu yake ilifika kwetu mapema: mwaka 1952 ilifunguliwa shule ya namna hiyo Loitokitok, upande wa Kenya wa mlima Kilimanjaro. Ile ya Minnesota ilikuja baadaye, 1964. Hivyo mtu asiniambie kwamba jambo hili ni geni kwa Mwafrika wa Mashariki; mlima wetu ulikuwa darasa lake kabla ya maziwa haya.

Hata hivyo kambi za Marekani kwa sehemu kubwa zilijengwa kwa ajili ya watoto wa wenye nacho, na nyingi zilijivika majina na manyoya ya wenyeji ambao hawakualikwa. Ndiyo maana namthamini Charles Eastman, Mdakota aliyezaliwa Minnesota mwaka 1858 na baadaye akaitwa Ohiyesa, daktari aliyewahudumia majeruhi wa mauaji ya Wounded Knee mwaka 1890. Baadaye yeye na familia yake waliendesha kambi ya wasichana huko New Hampshire. Alikuwa na kila sababu ya kuufunga msitu mbele ya watoto wa watu waliomnyang'anya, naye akawafundisha kuusoma. Sina hakika kama ningeweza.

Gharama bado ni kubwa. Msafara mrefu wa kaskazini unagharimu maelfu ya dola, pesa ambayo dereva wa basi au msaidizi wa wagonjwa hanayo. Kambi kadhaa hutoa ufadhili na huazima buti, shanta na makoti ya mvua, na nawasihi wazazi wenzangu waombe bila haya. Ila kuomba kunahitaji mtu ajue kwamba kitu kipo. Fomu ile ilifika nyumbani kwetu kwa sababu mwalimu mmoja alikazana. Watoto wa madarasa mengine katika shule ileile hawakuisikia, na wengi wao ni wa Kisomali, Kikongo na Kihmong ambao mababu na wazazi wao walivuka maji kwa sababu zisizo za likizo. Wao ndio ningependa waonekane kwenye zile poteji, kwa sababu wana cha kuwafundisha wenzao kuhusu mizigo.

Mama wa Kivu alikuja ziwani, mwaka uliofuata. Si kwamba nilimshawishi kwa hoja. Kijana wake aliomba, akaomba tena, na mwishowe mama akataka kuona kwa macho. Tulimpeleka kwenye gati ambako vijana walikuwa wanapakia. Hakumtazama kiongozi wala hakuuliza habari za dubu. Alimwendea mwanawe, akashika mikanda ya jaketi la kuokolea mmoja baada ya mwingine, akaivuta kwa nguvu mpaka mtoto akayumba, akalegeza mmoja, akaufunga upya. Kisha akauliza nani amebeba chakula. Mwanawe akasema, "Ni miye, Mama." Akaigusa shanta yake, akaipima uzito kwa kuiinua kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kusimama nami.

Kinachonisumbua sasa ni kinachotokea baada ya kurudi. Kijana anaingia nyumbani ananuka moshi, mikono ina sugu, anasimulia siku tatu mfululizo, na wiki ya pili tumeshamrudisha kwenye nafasi yake ya kutohitajika. Niliona binti yangu akianza kufifia hivyo. Mama yangu mzazi anaishi nasi, ana kisukari, na miadi yake ya kliniki ni Jumanne. Zamani nilikuwa naomba ruhusa kazini kumpeleka. Niliacha. Wakati wa likizo binti ndiye anayempeleka, kwa mabasi mawili na mwendo wa mtaa mmoja kwa miguu, na daftari la vipimo analishika yeye. Mara ya kwanza walipanda basi la upande usio wenyewe wakachelewa nusu saa, na bibi akanipigia simu kushtaki. Nilimwuliza binti yuko wapi. "Anatafuta njia," bibi akasema, "ameniambia nikae hapa hapa nisihangaike." Nikamwambia, "Basi kaa, Mama, umsubiri."